Kubadilisha kulanti mwenyewe

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubadilisha kulanti (kimiminika cha kupoza injini) ya Corolla yako nyumbani, maana maji ya rejeta yamegeuka rangi ya kutu. Unaweza, ila injini ipoe kabisa kwanza. Ukifungua mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya moto, yale maji yatakurukia usoni. Tega beseni, legeza koki ya chini ya rejeta, mwaga, kisha suuza mpaka yatoke safi. Wengi hukosea kwenye kujaza kulanti mpya: wanafunga mfuniko haraka, hewa inabaki ndani. Acha mfuniko wazi, washa injini na hita, uongeze taratibu mpaka mapovu yaishe. Mimi niliwahi kuruka hatua hiyo, mshale wa joto ukapanda kabla sijafika sokoni. Ile ya zamani usiiache kwenye beseni nje: ni sumu, paka akiilamba anaweza kufa.