Shule inamwita mtoto mtoro wakati alikuwa anaumwa: yaliyonikuta mimi na kijana wangu

Dada uliyeuliza ufanye nini baada ya shule kukuandikia kwamba binti yako ana siku 14 za utoro na huenda akazuiwa mtihani, ilhali siku nyingi alikuwa anaumwa: pole sana. Barua kama hiyo niliipokea mimi kuhusu kijana wangu mwenye pumu. Yake ilisema siku 17. Neno "mtoro" kando ya jina la mtoto uliyekesha naye linauma, nalijua.

Usiende na uchungu wa neno hilo. Mimi nilienda nao. Nilimruka mwalimu wa darasa, nikaingia kwa mwalimu mkuu nikipaza sauti, tukabishana nusu saa bila kuzigusa zile siku zenyewe. Wiki iliyofuata nilirudi kwa mwalimu wa darasa na ombi moja tu: tufungue daftari la mahudhurio tuipitie kila siku.

Siku tano kati ya zile 17 kijana alikuwa shuleni. Pumu hubana zaidi usiku na alfajiri. Akikohoa usiku kucha, asubuhi anachelewa. Alikuwa anafika majina yameshaitwa, amewekewa alama ya kutokuwepo, na hakuna aliyerudi kuifuta. Kilichomwokoa ni madaftari yake ya hesabu na sayansi: tarehe zile zile, kazi imefanywa, imesahihishwa, saini ya mwalimu ipo. Mwalimu alizitazama akanyamaza, kisha akachukua kalamu akaanza kurekebisha.

Siku nne zilikuwa kosa langu. Nilisafiri naye kwa mambo ya familia bila kuomba ruhusa. Nilikiri pale pale, na naamini kukiri kule ndiko kulikomfanya aniamini kwa zilizobaki.

Zilizobaki ni nane, zote za ugonjwa. Kila siku nilipiga simu shuleni, lakini simu haiachi karatasi. Siku tatu nilikuwa nimempeleka kliniki, nikaenda kuomba uthibitisho kutoka kwenye kumbukumbu zao. Tano tulimhudumia nyumbani kwa dawa yake ya kuvuta, maana si kila kubanwa kunahitaji daktari. Hapo ndipo wazazi wengi wenye watoto wa maradhi ya kudumu tunakwama: cheti cha kila siku hatuna wala hatuwezi kuwa nacho. Nilimweleza daktari wake, akaandika barua moja kwamba mtoto ana pumu na kwamba mara kwa mara atakosa siku moja au mbili bila kufika hospitali. Shule iliipokea, ikaiweka kwenye faili lake.

Omba pia kanuni yenyewe ya kuzuia mtihani kwa maandishi, usitegemee barua ya shule peke yake. Ya kwetu ilikuwa na kifungu cha wagonjwa wenye uthibitisho, na barua niliyoandikiwa na shule haikukitaja kabisa. Kilipowekwa mezani, habari ya kuzuiwa mtihani ikaishia hapo.

Walimu nao wana hoja ya haki. Marekani na Uingereza, mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo huhesabiwa kuwa anakosa shule mno, hata kama alikuwa mgonjwa, kwa sababu somo lililopita limepita. Kwa mwaka wa siku 190 hizo ni siku 19, yaani kama mbili tu kwa mwezi. Mtoto mwenye pumu anafika huko bila mtu yeyote kukosea. Kwa hiyo usiombe alama tu zibadilishwe. Omba na mpango wa masomo aliyoyakosa. Sisi tulikubaliana mwenzake amwazime madaftari, na mwalimu wa hesabu ampe muda wa ziada akirudi.

Jambo moja sikulilegezea. Jina la kijana wangu lilikuwa limesomwa mstarini pamoja na watoro, na alirudi nyumbani akaniuliza kama kuumwa ni makosa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 28, unazitaka nchi zihimize watoto kuhudhuria shule, na kifungu hicho hicho kinataka nidhamu ya shule ilinde utu wa mtoto. Nilimsomea mwalimu mkuu yote mawili, safari hii kwa utulivu. Siku ya pili mwalimu wa darasa aliwaambia wanafunzi wote kwamba alama zile zilikuwa na makosa. Kijana alinisimulia jioni, mara mbili.

Sasa akiamka vibaya natuma ujumbe wa maandishi kwa mwalimu kabla majina hayajaitwa, nami naandika tarehe kwenye kalenda ya nyumbani.

Wewe anza leo usiku na madaftari ya binti yako, hata yale yaliyojaa, kabla hayajatupwa. Tafuta tarehe zinazogongana na barua ya shule, uzitie alama, uende nayo.