Si Kila Chenye Tarakimu ni Namba

Juzi usiku msomaji mmoja kanitumia picha ya skrini yake na sentensi moja: "Dada, kompyuta yangu haijui hesabu." Ndiyo kwanza anaanza Python, lugha ya kuandikia programu. Kaandika programu ndogo ya kikoba chao: inauliza hisa za mwanachama za mwezi wa kwanza, inauliza za mwezi wa pili, inajumlisha. Kaingiza 5000, kaingiza 2000, akapewa jibu 50002000.

Kompyuta yake ni nzima. Chochote unachokiandika kwenye kibodi, Python inakipokea kama maandishi, hata ukiandika tarakimu tupu. Na alama ya kujumlisha ikikaa kati ya maandishi mawili huyaunganisha tu, moja mkiani mwa jingine. Ukizidisha "5000" kwa 3 utapata 500050005000, na programu haitalalamika. Dawa ni kuyageuza maandishi kuwa namba mapema: hisa = int(input("Hisa: ")). Hapo kigeu chako, yaani hilo jina hisa, kimeshika namba kamili, na hesabu itakubali. Python angalau ina uungwana: ukichanganya maandishi na namba kwenye kujumlisha, inakataa na kukuonyesha mstari wenye kosa. JavaScript, lugha nyingine ya programu, inaunganisha kimya kimya, wewe utajua siku ya kuvunja kikoba.

Somo lenyewe linaishia hapo, lakini swali lake limenigusa mahali.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ofisi moja ya mikopo midogo. Tulikaa kupanga mfumo wa kumbukumbu za wakopaji, mwanamke nilikuwa peke yangu mezani. Nikasema namba za simu na namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, tuzihifadhi kama maandishi. Mkuu wetu akaniangalia, akasema, "Namba ni namba, mama. Au chuoni mlifundishwa kuandika barua?" Wakacheka wote. Nikanyamaza, mfumo ukajengwa walivyotaka.

Sasa fikiria. Namba ya simu inaanza na sifuri, na sifuri ya mbele kwenye hesabu haina thamani, kwa hiyo mashine inaitupa. 0754 ikawa 754. Wakopaji wengine walikuwa wameandikwa kwa 255, wengine bila, na ujumbe wa kukumbusha rejesho ukawa unafika kwa bahati. Hilo lilirekebishika. La NIDA halikurekebishika. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, na orodha yetu ilipitia Excel kabla ya kuingia kwenye mfumo. Excel hutunza tarakimu 15 za namba; zinazobaki inazigeuza sifuri. Kila mkopaji wetu akawa na namba inayoishia na sifuri tano, na hakuna fomula ya kurudisha kilichofutika. Hata tungeruka Excel tusingepona, maana nafasi ya namba kamili ya biti 64 (biti ni sifuri au moja, kipande kidogo kabisa cha kumbukumbu ya mashine) kwenye hifadhidata inaishia kwenye tarakimu 19.

Fomu za karatasi zilishushwa kabatini zikaingizwa upya moja moja. Unadhani nani alipewa kazi hiyo? Pole sikupewa, wala hakuna aliyekumbuka kile kikao. Mimi nakikumbuka, hadi nani alikaa kiti gani.

Miaka iliyofuata haina hadithi. Nilihama, nikajifunza, nikaanza kuwatengenezea watu programu za vikoba. Mwezi uliopita saccos moja imeichukua ya kwangu na kuiacha ya kampuni yenye ofisi ghorofani na viyoyozi. Nimefurahi, sifichi.

Kwa hiyo wadogo zangu, kabla hujahifadhi kitu jiulize: nitakijumlisha? Nitakigawa? Kama hapana, ni maandishi, hata kikiwa na tarakimu mwanzo mwisho. Hakuna anayejumlisha namba za simu. Hakuna anayetafuta wastani wa NIDA.

Pesa ndiyo namba, lakini iwe namba kamili, si desimali. Mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2, atakuletea 0.30000000000000004. Ndani ya mashine kila kitu kimeandikwa kwa sifuri na moja, na sehemu ya kumi haiandikiki sawasawa kwa namna hiyo, kama theluthi isivyomalizika kwenye desimali zetu. Shilingi yetu haina haja ya senti siku hizi, basi desimali za nini? Faida ya 1,000,000 kwa wanachama 30, tumia // ya Python, inayogawa bila desimali, upate 33,333 kwa kila mmoja, kisha % ikupe bakaa, shilingi 10. Hiyo 10 iende mfuko wa jamii au popote mtakapokubaliana, ila iandikwe. Nimeona wanachama wakinuniana kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Na msidhani haya ni ya wanaoanza tu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilisambaratika angani chini ya dakika moja baada ya kuruka. Programu yake ilichukua namba ya desimali ya biti 64 ikataka kuiingiza kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Haikuenea. Wahandisi wenye shahada zao!

Lakini vijana mnakimbilia akili unde. Wiki ya pili tu mtu ananiuliza namna ya kutengeneza roboti ya kujibu wateja, na ukifungua programu yake vigeu vyote vinaitwa x, y na x2. x ni nani? Ni hisa, ni faini, au ni mkopo? Andika faini_ya_kuchelewa, herufi hazilipiwi. Halafu omba daftari la kikoba cha mama, safu kwa safu, uandike pembeni ipi ni maandishi na ipi ni namba, kwa kalamu, kabla hujawasha kompyuta.