Kobe wa kijani chini ya dirisha

SWALI: Laptopu yangu ina Windows 11 Home na RAM ya GB 8. Nimeweka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) nijifunze Ubuntu, aina ya mfumo wa Linux, lakini kila nikibofya nasubiri hadi nasahau nilichobofya. Virtualization nimeshaiwasha kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta). Chini ya dirisha naona alama ya kobe wa kijani. Nihamie VMware? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kobe huyo ndiye jibu lako. Hutokea Windows inapokuwa imeushika yenyewe uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe (hiyo kompyuta ya kuigiza), VirtualBox ikalazimika kupitia kwake. Ukihamia VMware, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, utahama na tatizo lako, maana nayo itapita mlango huohuo.

Fungua Windows Security, ingia Device security, kisha Core isolation, uzime Memory integrity. Halafu tafuta "Turn Windows features on or off", uondoe tiki kwenye Virtual Machine Platform na Windows Hypervisor Platform. Mwisho fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", uandike:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Sasa bofya Restart, si Shut down. Wengi hukwama hapa: Fast Startup ikiwa imewashwa, Shut down haizimi kila kitu, na kobe anabaki palepale. Kompyuta ikiwaka, endesha msinfo32 utazame mstari wa "Virtualization-based security". Ukisoma Running, kuna kitu bado hakijazimwa.

Ujue unachokitoa. WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) na Docker Desktop (programu ya kuendesha kontena) inayoitegemea zitagoma, na Memory integrity ni kinga ya kweli dhidi ya programu hasidi. Ukimaliza masomo, rudisha tiki, washa kinga, na uandike amri ileile ya bcdedit kwa auto badala ya off.

Kwenye RAM usiwe na tamaa: ipe Ubuntu MB 4096 na prosesa 2, basi. Ukiipa GB 6, Windows itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na zote mbili zitakwama. Ikiwa bado nzito, jaribu Xubuntu, toleo jepesi la Ubuntu. Na kama diski yako ni HDD, nunua SSD kabla ya kuhangaika na mipangilio mingine.

VMware Workstation Pro ni bure kwa wote tangu Novemba 2024, hata kwa kazi za biashara, na kwa michoro tunaipenda zaidi. Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, isahau, haimo kwenye toleo la Home.

SWALI: Nimefuta mafaili ya GB 15 ndani ya Ubuntu, mbona faili la VDI (diski ya mashine pepe ya VirtualBox) halipungui?

JIBU: VDI hukua yenyewe, haijipunguzi. Ndani ya Ubuntu andika:

sudo dd if=/dev/zero of=sifuri bs=1M

Amri hii hujaza nafasi tupu kwa sifuri; itakoma ikilalamika kuwa nafasi imekwisha, ndivyo inavyotakiwa. Futa faili hilo kwa sudo rm sifuri, zima mashine pepe, kisha upande wa Windows, fungua Command Prompt ndani ya folda ya VirtualBox uandike:

VBoxManage modifymedium disk "C:\njia\ubuntu.vdi" --compact

Kama una snapshot (hali za mashine ulizozihifadhi), zifute kwanza, la sivyo faili halitapungua inavyopaswa.