Wafuasi Wengi, Wageni Wachache: Maswali Yenu Kuhusu Kutangaza Safari Mitandaoni

Swali: Kampuni yetu ndogo ya kutembeza wageni ina ukurasa wa Instagram. Picha zinapata laiki mamia, lakini maombi ya safari hayafiki matano kwa mwezi. Tunakosea wapi?

Jibu: Laiki ni pongezi kwa picha. Haikwambii kama aliyeibonyeza ana likizo, ana fedha, au hata kama ameelewa kwamba mnauza safari. Mpeni simu mtu asiyeujua ukurasa wenu, kisha mwulizeni mambo matatu: safari hii ni ya siku ngapi, inagharimu kiasi gani, na akitaka kwenda aanzie wapi. Akihangaika kutafuta majibu, basi na wateja wanahangaika vivyo hivyo, ila wao hawawaambii, wanaondoka tu.

Anzeni na maneno yaliyo chini ya picha. "Uzuri usio na kifani, karibuni nyote!" hayamsaidii msafiri kupanga chochote. Andikeni hivi: "Siku 3, usiku 2. Gari moja, watu 2 hadi 6. Bei ya kila mtu mkiwa 2 ni hii, mkiwa 6 ni hii. Ndani ya bei: malazi, milo yote, dereva na viingilio. Nje ya bei: tiketi ya ndege, viza, bima na bakshishi. Tuandikie tarehe na idadi yenu." Siku na bei zikae mstari wa kwanza, kwa sababu Instagram huficha maneno yanayofuata mpaka mtu abonyeze. Kiungo mkikiweka humo hakibonyezeki. Mahali pake ni kwenye wasifu.

Najua wengi huficha bei kwa kuogopa washindani. Mshindani anaweza kuipata leo hii kwa kujifanya mteja. Anayeumia ni msafiri, ambaye asipoona bei hudhani hataimudu. Kama bei hupanda na kushuka, andikeni "kuanzia" na mtaje msimu na idadi ya watu. Bei hiyo iwepo kweli, maana mteja akiambiwa nyingine inboksi hatawaamini tena kwa lolote.

Video ziwe wima, pikseli 1080 kwa 1920, na zianze na kitu chenyewe, si nembo ya kampuni. Maandishi yasikae chini kabisa wala ukingo wa kulia, kwani vitufe vya programu huyafunika. Na onyesheni yale ambayo mgeni huyawazia kimya kimya: bafu lilivyo, nafasi ya miguu ndani ya gari, ngazi atakazopanda mzazi wake mzee. Video ya bafu safi haitapata laiki nyingi, ila inamwondolea mtu wasiwasi uliokuwa ukimzuia kulipia.

Swali: Nililipia tangazo kwa wiki nzima. Nikapata jumbe nyingi za "bei gani?", nikijibu wananyamaza. Je, matangazo ya kulipia ni hasara tu?

Jibu: Tangazo hukuletea kile ulichokiomba. Ukichagua lengo la kupata laiki na maoni, mtambo unawatafuta watu wepesi wa kubonyeza. Chagua lengo la kupokea ujumbe au kujaza fomu, kisha weka mipaka ya mahali wanapoishi watu wanaoweza kumudu safari yako na lugha unayoweza kuwahudumia. Bei iandike ndani ya tangazo lenyewe. Jumbe zitapungua, na hilo ni jambo jema.

Usiliguse tangazo kila siku. Mfumo wa Meta, wenye Facebook na Instagram, unahitaji takribani matokeo 50, yaani jumbe au fomu ulizoziomba, ndani ya wiki ili utulie, na mabadiliko makubwa huurudisha mwanzo. Kwa hiyo bajeti ndogo iliyogawanywa kwa matangazo sita hailishi hata moja. Endesha moja au mawili.

Halafu jibu lako lenyewe. Ukitaja tarakimu tupu, mazungumzo yamekwisha. Taja bei, kilichomo, kisha uliza swali jepesi: "Mnafikiria mwezi gani, na mtakuwa wangapi?" Akikaa kimya, mwandikie tena baada ya siku mbili, mara moja tu.

Pima kwa safari zilizolipiwa. Tuseme tangazo la kwanza limeleta jumbe 40 na safari 1, la pili jumbe 12 na safari 3, kwa gharama ileile. La pili ndilo la kuongezewa fedha, ingawa inboksi yake ilionekana tupu. Ili ujue nani katoka wapi, tumia kiungo cha wa.me, kinachofungua mazungumzo nawe WhatsApp na kubeba ujumbe ulioandikwa tayari: tangazo moja liseme "Naulizia safari ya siku 3", jingine "Naulizia safari ya familia".

Angalia pia kalenda. Mtu wa kuvuka mipaka anahitaji muda wa viza, ruhusa kazini na tiketi. Kumtangazia wiki mbili kabla ya tarehe ni kuchoma fedha.

Swali: Natuma ofa kwa orodha ya WhatsApp (broadcast), lakini wengi wanasema hawazipati.

Jibu: Ujumbe wa orodha humfikia tu aliyehifadhi namba yako, na orodha moja inabeba watu wasiozidi 256. Mgeni anapolipa kianzio, mwombe palepale aihifadhi namba kwa jina la kampuni, umweleze kwamba taarifa za safari yake zitapitia hapo.

Swali: Je, naweza kutumia picha za wageni, na kuwapa punguzo wanaoandika maoni mazuri?

Jibu: Picha ni mali ya aliyeipiga, na kukutaja ndani yake si ruhusa. Mwandikie: "Tunaomba kuitumia picha hii kwenye ukurasa wetu na matangazo yetu," na uhifadhi jibu lake. Watoto wakionekana, omba idhini ya mzazi. Punguzo kwa ajili ya maoni liache: Google na Tripadvisor wanalikataza, na maoni hayo yanaweza kuondolewa. Omba maoni kwa kila mgeni, aliyefurahi na aliyelalamika, siku moja au mbili baada ya safari, ukimtumia kiungo kinachofungua moja kwa moja mahali pa kuandika.