Daftari la madeni: simu kwanza, seva baadaye

Kaka, kwa programu ya madeni ya duka yenye wateja 300 na mtandao wa kubahatisha, anza kuhifadhi data kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayofanya kazi ndani ya simu yenyewe bila mtandao. Imo tayari ndani ya Android. SharedPreferences, sehemu ya Android ya kuweka mipangilio ya programu, iachie vitu vidogo kama lugha au rangi ya skrini. Mimi niliwahi kurundika orodha nzima humo kama JSON moja ndefu, yaani data yote kwenye kipande kimoja cha maandishi: mteja akilipa 500 tu, yote inaandikwa upya. Simu ikawa inaganda mteja akiwa kasimama mbele yangu, aibu tupu! Kila deni lipe UUID, yaani kitambulisho kirefu cha nasibu kisichojirudia, si 1, 2, 3, maana siku ukiunganisha simu mbili namba zitagongana. Na mtu akiiondoa programu, data inaondoka nayo, kwa hiyo bando likipatikana tuma nakala kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kutunzia data.