Maji yanang'aa kama kioo, mbona samaki wanakufa?

SWALI: Nina tangi la lita 60, lina miezi mitatu sasa. Kila Jumamosi namwaga maji yote, nasugua mawe, sponji ya filta naiosha kwa sabuni kidogo halafu najaza maji ya bomba. Maji yanakuwa safi kabisa ila kila nikiweka samaki wapya wanakaa siku nne tano, wanaanza kuhema juu juu, wanakufa. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana mkuu, ila kinachowaua ni huo usafi wenyewe. Kwa kalenda tangi lako lina miezi mitatu, kwa samaki lina wiki moja tu maana kila Jumamosi unalianzisha upya.

Iko hivi, samaki anatoa amonia, yaani uchafu wa mwili wake ulio sumu, nyingi inatokea kwenye matamvua, bado hujahesabu kinyesi na chakula kilichooza chini. Haina rangi, na kiasi cha kuua samaki hata harufu huisikii, kwahiyo kuangalia maji kwa macho hakukusaidii chochote. Wanaoiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza, akina Nitrosomonas, wanaigeuza kuwa nitraiti, nayo sumu vilevile, inaingia kwenye damu na damu inashindwa kubeba oksijeni, wakati amonia yenyewe inaunguza matamvua, ndo maana samaki anahema juu na pampu inapuliza kama kawaida. Kundi la pili, hasa Nitrospira (vitabu vya zamani vitakwambia Nitrobacter, usishangae), wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti. Hiyo samaki wengi wanaivumilia isiporundikana, na unaipunguza kwa kubadilisha maji.

Sasa hawa bakteria wengi wao hawaelei majini, wameng'ang'ania kwenye sponji, mawe na changarawe, na wanazaliana taratibu sana, tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 mpaka watoshe. Wewe unawapiga sabuni, unawamalizia na klorini ya bomba, halafu unaleta samaki.

Sabuni isahau kabisa. Sponji ikiziba ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi, na ule ukahawia unaobaki najua unatamani kuufua lakini uache, ndo mali yenyewe hiyo. Maji badilisha robo tu kwa wiki, uweke dawa ya kuondoa klorini, na filta isizimwe usiku, bakteria wanataka oksijeni.

Kwa sasa usinunue samaki. Tupia chakula kidogo kila siku kioze, na upime: utaona amonia inapanda, inashuka, nitraiti inapanda, nayo inashuka. Amonia 0, nitraiti 0, nitreti ipo, hapo tangi liko tayari. Ukipata kipande cha sponji chafu kwenye tangi la mtu ambalo samaki wake wazima, kitie kwenye filta yako, kitakuokolea wiki kadhaa.

Pima na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia yenye sumu kali inaongezeka karibu mara 10, ndo maana watu wawili wanaweza kuwa na kipimo kimoja cha amonia, mmoja samaki wake wanadunda tu, mwingine anazika.

Ukianza, weka wawili watatu wadogo, pima kila siku kwa wiki nzima, na amonia au nitraiti ikijitokeza badilisha maji siku hiyohiyo, usisubiri Jumamosi.