Nyuzi zinanuka uvundo, na sweta la mtoto limepungukiwa uzi

Waalaikumu salaam dada. Umeuliza kwa nini nyuzi zako za kufumia zilizo kwenye mfuko zanuka uvundo, na ufanyeje na sweta la mtoto lililopungukiwa uzi. Huo uvundo ni unyevu wa masika, na mfuko wa plastiki uliouziba ndio unaoufungia ndani. Toa nyuzi zote. Madonge uliyoyakaza yafungue yawe mafungu malegevu, yafunge kwa kiuzi pahala panne yasitatizane, yafue taratibu kwa maji baridi na sabuni kidogo, uyaanike kivulini penye upepo. Jua kali huchujisha rangi. Usizizonge tena madonge mpaka zikauke kabisa. Donge likikauka nje tu, ukungu unarudi.

Zihifadhi kwenye mifuko ya kitambaa, mbali na ukuta. Karafuu zanukia, lakini haziui mayai ya nondo, wadudu watoboao sufu. Sufu iliyotobolewa nao itie kwenye friza wiki 2 ili mayai yafe, mfuko umefungwa barabara.

Na hilo sweta: tazama kwenye lebo namba ya mkupuo wa rangi, yaani ya nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja. Uzi mpya ukiwa na namba tofauti, usiunge moja kwa moja, kwani pale ulipounga pataonekana hata kama rangi ina jina lilelile. Fuma mistari 2 kwa uzi wa zamani, 2 kwa mpya, kwa sentimita 5 hivi, kisha endelea na mpya. Kwa hiyo anza kuchanganya kabla donge la zamani halijaisha.